Askofu Frank Weston na Vitabu Vyake Viwili

Safari hii tunamkumbuka Askofu Frank Weston wa Zanzibar. Wengi wetu tumelisikia jina lake katika habari za ibada ya Ekaristi, na katika ule ugomvi wa Kikuyu wa mwaka 1913. Hayo yamesimuliwa sana. Sisi wa Kilwa na Lindi tunaguswa zaidi na jambo jingine, nalo ni jinsi alivyojaribu kusema na Wazungu wenzake habari za ubaguzi wa rangi, na jinsi ilivyowawia vigumu kumsikiliza.

Alizaliwa London mwaka 1871, akasoma Oxford, akafika Unguja mwaka 1898. Alifundisha chuo cha mapadre, kisha akawa mkuu wa shule ya Kiungani, na mwaka 1908 akawekwa wakfu kuwa Askofu. Dayosisi ya Zanzibar siku zile ilifika mpaka huku kwetu. Lindi ndiyo iliyokuwa bandari ya wamisionari waendao Masasi, tangu Askofu Steere aliposhuka hapo mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani.

Utawala wa Wajerumani watu wa pwani hii waliujua kwa migongo yao. Katika vilima vya Umatumbi, nyuma ya Kilwa, watu walilimishwa pamba kwa kiboko, na Julai 1905 wakaing'oa kule Nandete. Ndiyo Majimaji. Vita vile viliunguza hata misheni ya Masasi, na njaa iliyofuata iliua kuliko risasi.

Vita Kuu ilipokuja, Wajerumani waliwafunga wamisionari Waingereza, na walimu wengi Waafrika walitiwa gerezani wakateswa. Mwaka 1916 Askofu Weston alikusanya wapagazi wa Unguja, akapewa cheo cha meja, akaenda nao bara akitembea kwa miguu kama wao. Dar es Salaam ilipotekwa Septemba mwaka huo, vita vikahamia kwetu. Majeshi ya Waingereza yalishuka Kilwa na Lindi, na mwezi wa Oktoba 1917 yakapigana na Wajerumani kule Mahiwa. Wapagazi walikufa kwa maelfu, wengi wao kwa kuhara, homa na njaa. Makaburi ya askari Wazungu yana majina. Ya wapagazi tuyatafute wapi?

Mwaka 1918 Askofu alitoa kijitabu kiitwacho Watumwa Weusi wa Prussia, kikiwa barua ya wazi kwa Jenerali Smuts. Alieleza viboko, kazi ya shuruti na ukatili wa Wajerumani, akasihi nchi hii isirudishwe mikononi mwao. Uingereza ilikipokea vizuri, maana kilisema lile ambalo serikali ilitaka kusikia.

Basi mwaka uliofuata, Oktoba 1919, serikali ya Kenya chini ya Gavana Northey ilitoa waraka. Maofisa na machifu waliagizwa kuwahimiza watu wakafanye kazi katika mashamba ya walowezi, hata wanawake na watoto kwa kazi za karibu na kwao. Machifu wasiosaidia wangeripotiwa. Neno lilikuwa kuhimiza, lakini ni nani asiyejua maana ya neno hilo likitoka kwa bwana shauri kwenda kwa chifu anayeogopa kupoteza kiti chake? Tena kulikuwa na kodi ya nyumba, na kipande kilichovaliwa shingoni katika kikopo cha bati.

Askofu wa Mombasa na Askofu wa Uganda, pamoja na mkuu wa misheni ya Waskoti, waliandika maoni yao. Waliona hatari ya waraka ule, lakini wakakubali kazi ya lazima iwepo, mradi iwekwe wazi katika sheria na kuwekewa mipaka. Askofu Weston alikataa. Mwaka 1920 akatoa kijitabu cha pili, Watwana wa Uingereza. Hoja yake ilikuwa nyepesi: ikiwa kumlazimisha mtu mweusi amtajirishe mtu mweupe ni dhambi chini ya Mjerumani, haiwi haki chini ya Mwingereza.

Hapo wale waliofurahia kijitabu cha kwanza walinuna. Kibanzi cha Mjerumani kilionekana toka mbali. Boriti ya nyumbani ilikuwa taabu kuitazama. Nasi tunaona sababu yake si ukatili wa mioyo peke yake. Mlowezi alisema, mimi simpigi mtu. Bwana shauri alisema, mimi natii waraka. Askofu alisema, mimi nimeomba sheria iwe na huruma. Kila mmoja alijitazama akaona mikono yake ni safi, na bado mtu alitolewa shambani kwake mvua zikinyesha. Uovu ulikaa katika kodi, katika kipande, katika ardhi iliyokwisha kutwaliwa. Mtu akiambiwa habari zake, alidhani anatukanwa yeye na mama yake. Hata leo mazungumzo ya namna hii huvunjikia hapo hapo.

Pamoja na wengine, kama J. H. Oldham, Askofu aliendelea kupiga kelele Uingereza, na mwaka 1921 London ikaamuru maofisa wa Kenya wasiwatafutie walowezi vibarua.

Lakini tusimpambe kupita kiasi. Yeye aliutaka utawala wa Waingereza uwe wa haki; hakudai uondoke. Na nyumbani mwa Kanisa kulikuwa na jambo la zamani kuliko waraka wa Northey. Padre Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, alipewa ukasisi mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza katika misheni yetu. Alijenga Kanisa kule Chitangali kwa miaka mingi, kisha akarudishwa Unguja kabla Weston hajafika, na usimamizi wa kazi ya Kusini ukabaki kwa Wazungu. Askofu Weston aliwapa Waafrika ukasisi, akawaamini, na wakati wa vita ndio walioyashika makanisa. Kiti cha Askofu hakikuzungumzwa.

Alifariki Hegongo, Magila, tarehe 2 Novemba 1924. Miaka miwili baadaye Masasi ikawa dayosisi, na Askofu wake alikuwa Mwingereza. Askofu Mwafrika wa kwanza wa Masasi, Hilary Chisonga, alikikalia kiti mwaka 1968, miaka 78 tangu Majaliwa apewe ukasisi.