Bakhita, Mtumwa Aliyejua Kushukuru

Wapendwa wakatekumeni, wazee wetu wa Maniema na Tanganika walitusimulia jinsi watu walivyofungwa minyororo na kupelekwa mbali kuuzwa. Sikilizeni basi habari za binti mmoja wa Sudani aliyepata mateso hayohayo, naye mwisho akamshukuru Mungu.

Alizaliwa katika nchi ya Darfur, karibu na mwaka 1869. Alipokuwa bado mtoto, watu wawili walimwiba. Kwa hofu kubwa akasahau hata jina alilopewa na wazazi wake. Wezi wakamwita Bakhita, maana yake kwa Kiarabu ni Mwenye Bahati. Aliuzwa mara nyingi. Katika nyumba ya jemadari mmoja Mturuki alichanjwa kwa wembe chale 114, na chumvi ikatiwa ndani ya vidonda. Alama zile hazikumtoka hata kufa.

Wakati ule hakuna aliyemfundisha habari za Mungu. Lakini alipotazama jua, mwezi na nyota, alijiuliza ni nani Bwana wa vitu vizuri namna hii, akatamani kumwona na kumheshimu.

Mwaka 1883, huko Khartoum, balozi mdogo wa Italia alimnunua, wala hakumpiga. Mwaka 1885 Bakhita alifika Italia, akawa mlezi wa mtoto katika jamaa moja. Mwaka 1888 bibi yake alisafiri, akamwacha pamoja na mtoto kwa masista Wakanosa wa Venezia, katika nyumba ya wakatekumeni. Huko Bakhita akajifunza dini, akatambua kwamba yule Bwana aliyemtafuta tangu utoto ni Mungu Baba yetu.

Bibi aliporudi kumchukua, Bakhita alikataa. Alimpenda sana yule mtoto, na kuachana kulimwumiza moyo. Lakini alikuwa hajabatizwa bado, akaogopa kumpoteza Mungu. Shauri likafika mbele ya serikali. Tarehe 29 Novemba 1889 ikakatwa kwamba katika nchi ya Italia hakuna utumwa, naye ni mtu huru. Tarehe 9 Januari 1890 akapokea Ubatizo, Kipaimara na Komunyo, akaitwa Yosefina. Tangu siku ile alionekana mara nyingi akibusu kisima cha Ubatizo, kwa kuwa hapo alifanywa mtoto wa Mungu.

Mwaka 1896 aliweka nadhiri za utawa. Katika mji wa Schio alikuwa mpishi, mshonaji na mlinzi wa mlango. Alisema kwamba kama angekutana na wale waliomwiba, angepiga magoti na kubusu mikono yao, kwani bila mambo yale asingekuwa Mkristo wala mtawa. Hakusema kwamba utumwa ni mwema. Utumwa ni dhambi kubwa. Alimshukuru Mungu aliyejua kutoa mema katika uovu wa watu. Alikufa tarehe 8 Februari 1947, na Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000.

Ndugu zangu, sisi hunung'unika kwamba miaka ya mafundisho ni mirefu na njia ya misioni ni ya mbali. Njia ya Bakhita ilikuwa ndefu kuliko yetu, naye hakuihesabu kuwa hasara. Siku utakapokikaribia kisima cha Ubatizo, kumbuka wote waliokufikisha pale, hata yule aliyekukosea. Umsamehe, kisha umshukuru Mungu.