Rudolf Diesel: Mvumbuzi wa injini aliyetoweka baharini

NI watu wachache wanaofahamu kuwa neno dizeli, litamkwalo kila siku katika vituo vya mafuta, ni jina la mtu. Mtu huyo ni Rudolf Diesel, mhandisi Mjerumani aliyebuni injini inayoendesha malori, meli na mitambo ya umeme kote duniani.

Diesel alizaliwa jijini Paris, Ufaransa, mnamo Machi 18, 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani, na vita vilipozuka baina ya Ufaransa na Prussia mwaka wa 1870, familia hiyo ililazimika kukimbilia London. Muda si mrefu, kijana huyo wa miaka 12 alitumwa peke yake kwa jamaa zake mjini Augsburg, Ujerumani, ili aendelee na masomo.

Alihitimu mjini Munich mwaka wa 1880 akiwa na alama za juu mno. Kwa mwalimu wake, Profesa Carl von Linde, alijifunza kuwa injini za mvuke zilipoteza takriban asilimia 90 ya nishati ya makaa. Hasara hiyo ilimkosesha usingizi.

Dawa aliyoibuni ilikuwa kuibana hewa ndani ya silinda hadi ipate joto la kuwasha mafuta bila cheche. Alipata hataza mwaka wa 1893 na kuanza majaribio Augsburg. Mnamo Februari 1897, baada ya miaka ya kufeli na kurekebisha, injini yake iligeuza zaidi ya robo ya nishati ya mafuta kuwa kazi.

Nia yake ilikuwa kumpa fundi mdogo mtambo nafuu ili asimezwe na viwanda vikubwa. Kinyume chake, wenye viwanda ndio waliofaidi zaidi. Yeye mwenyewe alitajirika, lakini kesi za hataza, maradhi na uwekezaji mbaya vilimmalizia mali.

Jioni ya Septemba 29, 1913, aliabiri meli ya Dresden huko Antwerp, Ubelgiji, akielekea Uingereza. Alikula chajio na wenzake, akaingia chumbani kwake, na asubuhi hakuonekana. Kitanda hakikuwa kimelaliwa. Siku kadhaa baadaye, mabaharia Waholanzi waliopoa maiti, na mwanawe akavitambua vitu vilivyotolewa mifukoni. Wapo wasemao alijiua kwa sababu ya madeni, na wapo wasemao aliuawa. Alikuwa na umri wa miaka 55.

Aliacha injini, na injini hiyo ikaacha moshi.

Joto kali ndani ya silinda huunganisha naitrojeni na oksijeni ya hewa. Mafuta yasiyoungua kikamilifu nayo hutoa masizi yenye haidrokaboni za aromatiki. Viwili hivyo vikikutana, huzaliwa kemikali za nitro, mojawapo ikiwa 1-nitropyrene. Baadhi huundwa ndani ya injini, na nyingine angani baada ya moshi kutoka.

Kemikali hizo zikivutwa pamoja na masizi, mwili huzigeuza, nazo hunata kwenye DNA. Seli inapojigawa, huweza kunakili maagizo ya urithi yakiwa na makosa. Kosa likiangukia jeni inayodhibiti ukuaji wa seli, saratani inaweza kuanza.

Mnamo 1997, watafiti wa Japani walitangaza kuwa wamegundua 3-nitrobenzanthrone katika moshi wa dizeli. Ilipojaribiwa kwa bakteria, ilidhihirika kuwa miongoni mwa kemikali kali zaidi katika kubadilisha jeni. Mwaka wa 2012, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliamua kuwa moshi wa dizeli husababisha saratani ya mapafu.

Kenya na majirani zake zilianza kutumia dizeli yenye salfa kidogo mnamo Januari 2015. Hatua hiyo inawezesha magari kufungwa vichujio vya masizi, lakini injini kuukuu isiyo na kichujio huendelea kumfukizia moshi utingo, mchuuzi wa kando ya barabara na askari wa trafiki.

Diesel alikufa kabla ya wanasayansi kujua kuwa DNA ndiyo hubeba urithi. Aliipigania kila chembe ya joto lililopotea bure. Kazi ya kuupima moshi aliwaachia wengine.