Upinde wa Mvua wa Mtu Asiyeona

Soma Mwanzo 9:8–17, Ezekieli 1:28, Ufunuo 4:2, 3.

George Matheson alizaliwa Glasgow, Uskoti, tarehe 27 Machi 1842. Tangu utoto macho yake yalikuwa dhaifu, na kadiri alivyokua ndivyo nuru ilivyozidi kumpungukia. Kabla ya kumaliza masomo yake katika chuo kikuu cha mji huo, alikuwa karibu kipofu kabisa. Hata hivyo hakurudi nyuma. Dada zake walimsomea vitabu, na ili waweze kumsaidia wakajifunza Kilatini, Kiyunani na Kiebrania. Akahitimu, akaingia katika kazi ya uchungaji.

Mwaka 1868 aliitwa kulichunga kanisa la Innellan, kijiji cha pwani magharibi mwa Uskoti, akakaa huko miaka 18. Alipohubiri aliyatamka mafungu ya Biblia na hubiri lote kwa kichwa, hata baadhi ya wageni hawakutambua kwamba mhubiri haoni. Mwaka 1885 alihubiri mbele ya Malkia Victoria huko Balmoral, na somo lake lilikuwa saburi ya Ayubu. Mwaka uliofuata alihamia Edinburgh, akalihudumia kanisa kubwa hadi mwaka 1899. Alifariki mwaka 1906.

Lakini anakumbukwa zaidi kwa jioni moja. Tarehe 6 Juni 1882 mmoja wa dada zake aliolewa. Jamaa wote walikuwa Glasgow, na Matheson alibaki peke yake nyumbani Innellan. Jioni ile jambo fulani lilimpata, likamtesa sana moyoni. Wengi wamekisia ni jambo gani. Yeye mwenyewe hakulitaja kamwe. Katika uchungu ule aliandika wimbo kuhusu upendo wa Mungu usiomwachilia mtu. Alisimulia baadaye kwamba beti zote zilikamilika kwa muda wa kama dakika tano.

Katika ubeti wa tatu mtu huyu asiyeona aliandika habari za upinde wa mvua unaoonekana mvua ikiwa bado inanyesha. Mwanzoni alitumia neno la kuupanda upinde huo, kama mtu apandaye ngazi. Kamati ya kitabu cha nyimbo ilimwomba abadilishe, naye akakubali kuweka neno la kuufuatilia tu.

Kwa nini kipofu achague ishara ambayo inahitaji macho? Turudi kwa Nuhu. Alipotoka safinani, dunia aliyoijua ilikuwa imetoweka. Wingu jeusi la kwanza lingetosha kumtia hofu yeye na wanawe. Mungu hakuahidi kwamba mawingu hayatakuja tena. Alisema kwamba atakapoleta mawingu, upinde utaonekana humo humo winguni (fungu la 14). Nasi twajua kwamba upinde hauonekani katika anga kavu: lazima kuwe na matone ya mvua mbele yetu na jua nyuma yetu.

Kisha angalia kwa makini fungu la 16. Ni nani anayeutazama upinde na kulikumbuka agano? Ni Mungu mwenyewe. Sisi tunapouona tunafarijika, na ndivyo alivyokusudia. Lakini agano halisimami juu ya uwezo wetu wa kuona. Nuhu angeweza kuwa amelala, au amefunikwa na ukungu, na ahadi ingekuwa salama vile vile. Matheson hakuuona upinde wowote jioni ile ya Juni. Mungu, ambaye hulitazama agano lake, alimwona yeye.

Ndiyo maana Ezekieli, akiwa uhamishoni, na Yohana, akiwa kisiwani Patmo, walionyeshwa upinde ule ule ukikizunguka kiti cha enzi. Wote wawili walikuwa mbali na nyumbani, katika taabu. Pale ambapo maamuzi ya mbingu hutolewa, ishara ya rehema iko mbele za Mungu daima. Haki yake na rehema yake hukaa mahali pamoja.

Huenda wiki hii unapita katika wingu ambalo huwezi kumweleza mtu yeyote. Huhitaji kusubiri mpaka uone ndipo uamini. Yeye aliyeahidi anaona.

Maswali ya Kujadili:

1. Agano la Mwanzo 9 linahusu kila kiumbe chenye uhai. Jambo hili linatufundisha nini kuhusu upana wa rehema za Mungu?

2. Kuna tofauti gani kati ya imani inayotegemea tunachokiona na imani inayomtegemea Mungu anayekumbuka?

3. Dada zake Matheson walijifunza lugha ngeni kwa ajili yake. Ni nani katika darasa lenu anayehitaji mtu wa kuwa macho yake? Mtafanya nini wiki hii?