Karen Carpenter: Mpiga ngoma aliyefunikwa na sauti yake

Ulimwengu unamkumbuka Karen Carpenter kwa sauti yake nzito na tulivu. Hata hivyo, Mmarekani huyo, aliyefariki dunia mwaka 1983 akiwa na umri wa miaka 32, alijihesabu kwanza kuwa mpiga ngoma.

Karen alizaliwa tarehe 2 Machi, 1950, mjini New Haven, katika jimbo la Connecticut. Mwaka 1963 familia ilihamia Downey, karibu na Los Angeles, kwa matumaini ya kukuza kipaji cha kaka yake, Richard, aliyekuwa stadi wa piano.

Akiwa sekondari, Karen alijiunga na bendi ya shule na kupewa ala ya vipande vya chuma vinavyogongwa kwa vinyundo. Hakuridhika nayo. Aliomba ngoma, wakati ambapo msichana mpiga ngoma alikuwa adimu sana. Alijifunza kwa bidii, huku akisikiliza santuri za Joe Morello, mpiga ngoma wa kundi la Dave Brubeck aliyesifika kwa midundo yake migumu.

Mwaka 1966, kundi la watu watatu la Richard, Karen akiwa kwenye ngoma, lilishinda mashindano ya bendi katika ukumbi wa Hollywood Bowl. Mwaka 1969 ndugu hao wawili, wakijiita Carpenters, walitia saini mkataba na kampuni ya A&M.

Kutolewa mbele

Mwaka 1970 wimbo wao wa Close to You uliongoza chati za Marekani kwa wiki nne. Ngoma za wimbo huo zilipigwa na Hal Blaine, mpiga ngoma mashuhuri wa studio.

Jukwaani, mashabiki walitaka kumwona mwimbaji aliyejificha nyuma ya matoazi. Karen alishinikizwa asimame mbele na kipaza sauti, naye alikubali shingo upande. Hatimaye waliajiriwa wapiga ngoma wengine, ingawa katika albamu ya Now & Then ya mwaka 1973 alipiga yeye karibu nyimbo zote.

Mwaka 1975 wasomaji wa jarida la Playboy walimchagua mpiga ngoma bora wa roki, mbele ya John Bonham wa Led Zeppelin. Kufikia wakati huo, alikuwa akipiga ngoma jukwaani kwa nadra.

Maradhi

Mwaka huohuo afya yake ilizorota na ziara za Uingereza na Japani zikaahirishwa. Alikuwa na anoreksia, maradhi ya kujinyima chakula ambayo wakati huo hayakufahamika sana.

Alifariki dunia Downey tarehe 4 Februari, 1983, moyo wake ukiwa umedhoofishwa na maradhi hayo. Kifo chake kiliwazindua wengi kuhusu hatari yake.

Kipindi cha televisheni cha mwaka 1976 kimehifadhi ustadi wake: anaonekana akihama kutoka ngoma moja hadi nyingine bila kupoteza mdundo.