Gandhi: avoka aliyetafuta ukombozi wa roho kwa ufagio na ndoo

KABIMBA (Kalemie) – Mashariki mwa Kongo, mtu akitaja Muhindi, wengi wanafikiri duka la vitambaa na vipuri, ao kofia ya buluu ya Umoja wa Mataifa. Jina la Gandhi linajulikana pia, lakini kwa kifupi tu: mzee mwembamba mwenye miwani na shuka nyeupe, aliyewatoa Waingereza India bila bunduki. Hiyo ni nusu ya habari. Katika kitabu cha maisha yake, Gandhi mwenyewe alieleza kwamba kitu alichokitafuta miaka yote kilikuwa moksha, yaani ukombozi wa roho, na kwamba hata kazi zake za siasa zilielekea huko.

Katika jimbo la Tanganyika, ambako kolera haitoki na ambako Waluba na Watwa wamemwagiana damu miaka si mingi iliyopita, hiyo nusu nyingine ya maisha yake ndiyo inayotugusa zaidi. Nayo inaanzia mahali pasipopendeza, kwenye ndoo ya choo.

Mohandas Karamchand Gandhi alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1869 huko Porbandar, mji wa bandari katika Gujarat, magharibi mwa India. Baba yake alikuwa waziri mkuu wa mtawala mdogo wa pale. Mama yake, Putlibai, alikuwa mtu wa kufunga na kusali. Walimuoza akiwa na miaka 13, kwa Kasturba, msichana wa umri wake. Mwaka wa 1888 alikwenda London kusomea sheria, baada ya kumwapia mama yake kwamba hatagusa nyama, pombe wala wanawake. Mwaka wa 1891 alirudi akiwa avoka, lakini avoka asiyeweza kusema. Katika kesi yake ya kwanza huko Bombay alisimama, kichwa kikazunguka, maneno yakakataa kutoka. Akaketi, na mteja akatafutiwa avoka mwingine.

Ndiyo maana alikubali upesi kazi ya mwaka mmoja Afrika Kusini, katika kesi ya mfanyabiashara Mwislamu, Dada Abdulla. Mwaka wa 1893 meli yake ilipita pwani ya Waswahili: Lamu, Mombasa, halafu Zanzibar, ambako alikaa kama juma moja. Lamu ilibaki kidogo tu meli imwache, kwa kuwa mashua yake ilipigana na mkondo wa maji. Habari ya treni ya Pietermaritzburg, namna alivyotupwa nje ya behewa la daraja la kwanza akiwa na tikiti mkononi, imesimuliwa sana, tuipite. Kazi ya mwaka mmoja ikawa miaka 21.

Kabla ya kuendelea, neno moja juu ya hayo mafundisho. Katika dini ya Wahindu kuna njia ya mawazo inayoitwa Advaita, maana yake isiyo mbili. Inatoka katika maandiko ya kale yanayoitwa Upanishad, na mwalimu wake mkubwa, Shankara, aliishi karne ya 8. Inasema kwamba roho iliyo ndani kabisa ya mtu na Ukweli ulio chanzo cha vitu vyote ni kitu kimoja. Chukua bidon, izamishe ziwani hapa Kabimba mpaka ijae: maji ya ndani na maji ya nje ni maji yale yale, kinachoyatenga ni plastiki tu. Plastiki hiyo ndiyo umimi, ile sauti inayosema cheo changu, kabila langu, shamba langu. Mtu akishautambua umoja huo, na umimi ukaisha nguvu, amekombolewa, hazaliwi tena kuja kuteseka. Mkristo ao Mwislamu hatakubali yote hayo, kwa sababu kwake Muumba na kiumbe ni wawili. Lakini ugonjwa wa umimi, nadhani, kila nyumba ya sala inaujua.

Wengi waliofuata Advaita waliona dawa yake ni kuacha watu na kwenda kukaa peke yao milimani. Swami Vivekananda wa Calcutta aligeuza jambo hilo: mwaka wa 1897 alianzisha Ramakrishna Mission, ambamo watawa wanaendesha hospitali na masomo. Kama Mungu ni mmoja ndani ya wote, kumwosha mgonjwa ni ibada. Gandhi alifuata njia iliyo karibu na hiyo, ingawa hakuwa mtawa. Alikuwa na mke na watoto wanne wa kiume. Wala hakuwa mwanafunzi safi wa Shankara. Alimwita Mungu kwa jina la Rama, na kati ya waliomwongoza alikuwepo Raychand, mfanyabiashara wa vito wa Bombay aliyekuwa wa dini ya Jain. Lakini kwamba uhai wote ni mmoja, hilo alilishika mpaka kufa.

Kulishika kwa akili ni rahisi. Mwaka wa 1898, nyumba yake ya Durban haikuwa na mifereji, na vyombo vya haja ndogo viliwekwa vyumbani. Makarani wake walikaa naye, na wengi walisafisha vyombo vyao wenyewe. Mmoja alikuwa mgeni, Mkristo aliyezaliwa na wazazi wa tabaka ambalo Wahindu walikataa hata kuligusa. Gandhi alitaka yeye na mkewe wasafishe chombo cha huyo mgeni. Kasturba alikibeba akishuka ngazi huku analia. Mumewe hakutosheka, alitaka akibebe kwa furaha. Wakagombana, akamshika mkono, akamburuta mpaka kwenye mlango wa nje ili amtupe njiani, katika nchi ambamo mama huyo hakuwa na ndugu hata mmoja. Kasturba akamwuliza kama hana haya. Gandhi akafunga mlango.

Tukio hilo tunalijua kwa sababu yeye mwenyewe aliliandika. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, ilipo siri ya maisha yake yote. Alikuwa akimhudumia mtu aliyedharauliwa, na wakati huohuo umimi wake ulikuwa unanenepa: mimi mwalimu, mimi mtakatifu, wewe fuata. Kuhudumia peke yake hakumtoi mtu katika nafsi yake. Kunaweza hata kumjengea kiti cha enzi. Tunaowaona wakuu wakipigwa picha huku wanagawa magunia ya unga, hatuna haja ya kuelezwa.

Akaanza kupigana na hilo kwa mambo madogo. Johannesburg alibandika ukutani mistari ya Bhagavad Gita, kitabu kinachofundisha kutenda bila kudai matunda, akaikariri kila asubuhi akipiga mswaki. Kutoka humo aliona kwamba mtu asishikilie mali, akaacha bima ya maisha aliyokuwa amelipia Bombay. Mwaka wa 1904 tauni ya mapafu ilipowapata Wahindi waliotoka kwenye mgodi wa dhahabu, yeye na vijana wachache waliwalaza katika jengo tupu na kuwauguza usiku kucha. Mwaka huohuo alisoma kitabu cha Mwingereza John Ruskin katika treni ya kwenda Durban, hakulala, na kabla ya mwaka kuisha alikuwa na shamba huko Phoenix, ambamo avoka na mpiga chapa waliishi kwa kazi ya mikono.

Sasa tufike kwenye jambo linalotuhusu sisi Waafrika, ambalo vitabu vingi vya kumsifu vinalipita mbio. Mtu aliyeamini kwamba nafsi ni moja katika wote aliishi miaka mingi Afrika bila kumwona Mwafrika. Katika maandishi yake ya miaka ya kwanza aliwaita watu weusi kwa jina la matusi walilolitumia makaburu, na akalalamika kwamba Wahindi wanawekwa daraja moja nao, hata gerezani mwaka wa 1908. Alidai haki ya Wahindi peke yao. Karibu kabisa na Phoenix kulikuwa na masomo ya Ohlange, yaliyoanzishwa na John Dube, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa chama cha ANC mwaka wa 1912. Majirani, lakini mapambano yao hayakuungana.

Kitu kilichomtikisa kilikuja mwaka wa 1906, Wazulu walipoasi kodi huko Natal. Gandhi aliunda kikundi kidogo cha wabeba machela upande wa serikali ya Waingereza. Alipofika alikuta kazi yao kubwa ni kuosha vidonda vya Wazulu waliochapwa viboko, watu ambao wauguzi wazungu walikataa kuwagusa. Aliona kwamba ile haikuwa vita, ilikuwa kuwinda watu. Katika matembezi yale marefu ya milimani aliamua kuacha mambo ya ndoa ili nguvu zake zote ziwe za huduma, na miezi michache baadaye, Septemba 1906, akaanza Johannesburg mapambano yake ya kukataa sheria mbaya bila kupiga mtu. Baadaye maneno yake juu ya Waafrika yalibadilika. Wengine wanaona yalichelewa mno: Desemba 2018, Chuo Kikuu cha Ghana huko Legon kiliondoa sanamu yake, miaka miwili tu baada ya kusimamishwa, kwa sababu ya maandishi hayo ya zamani. Waliotaka itoke walikuwa na haki ya kuuliza. Gandhi hakuficha makosa yake mengi, lakini hili la Waafrika hakulikiri wazi kama alivyokiri lile la Kasturba.

Alirudi India Januari 1915. Katika makao aliyoyafungua Ahmedabad alipokea familia ya tabaka lisiloguswa, na mara moja matajiri wakaacha kutoa pesa. Hata ndani ya nyumba kulikuwa na manung'uniko, Kasturba akiwa mmoja wao. Tajiri mmoja aliwaokoa, akaacha rupia 13,000 mlangoni na kuondoka na gari lake. Sheria ya makao ilikuwa kwamba kila mtu anasafisha choo, awe Brahmani ao nani. India hiyo ilikuwa na kolera kama sisi tulivyo nayo kando ya ziwa, na Gandhi alisema sana juu ya shimo la choo na kufukia uchafu, pengine kuliko alivyosema juu ya Waingereza. Wageni waliokuja kumwuliza mambo ya roho walipewa ufagio.

Mwaka wa 1930 alitembea na wenzake 78 kama kilomita 385 mpaka bahari ya Dandi, kuokota chumvi bila kulipa kodi. Dunia yote iliona. Miaka kadhaa baadaye, katika kijiji cha Sevagram, alikuja Parchure Shastri, msomi wa Sanskrit aliyekuwa na ukoma, asiye na pa kwenda. Gandhi alimjengea kibanda karibu na chake, akawa anamwosha na kumkanda vidonda kwa mikono yake, akiwa na miaka 70. Kati ya mambo yake yote, mimi ningechagua hili.

Lakini hata walioguswa kwa upendo wanaweza kukataa kusemewa. B. R. Ambedkar, mwanasheria aliyezaliwa katika tabaka lile, alidai watu wake wachague wabunge wao wenyewe. Septemba 1932 Gandhi, akiwa gerezani, alikataa kula ili kuzuia hilo, akiogopa Wahindu kugawanyika. Ambedkar alilazimika kukubali mapatano, maana mzee akifa, lawama na damu zingewaangukia maskini wake. Hakumsamehe. Jina la watu wa Mungu ambalo Gandhi aliwapa, wengi wao leo hawalitaki.

Hapa Tanganyika hatuna haja ya kwenda mbali ili kuelewa. Watwa wamelalamika muda mrefu kwamba wanahesabiwa nusu ya watu: katika malipo ya shamba, katika uchefu, hata katika kunywa kikombe kimoja. Vita vilivyowaka kwa nguvu toka katikati ya mwaka wa 2016 vilijaza kambi za wakimbizi pembeni mwa Kalemie. Baraza zilizoundwa kwa ajili ya amani ziliwaketisha pamoja Watwa na Waluba, kila upande ukijisemea. Swali la Ambedkar kwa Gandhi ni hilohilo.

Nyumbani kwake pia kulikuwa na kidonda. Harilal, mtoto wa kwanza, alinyimwa nafasi ya kwenda kusoma Ulaya, akaona baba ni wa watu wote isipokuwa wake. Alimalizia katika pombe. Kasturba alikufa Februari 1944 akiwa kizuizini pamoja na mumewe huko Pune.

Uhuru ulipofika tarehe 15 Agosti 1947, Gandhi hakuwa Delhi kwenye sherehe. Alikuwa Calcutta, katika nyumba ya Mwislamu, akifunga na kusali, kwa kuwa Wahindu na Waislamu walikuwa wanauana. Miezi ya kabla alikuwa ametembea kijiji kwa kijiji huko Noakhali, miguu bila viatu, akiwapa moyo Wahindu walioshambuliwa. Halafu Delhi aliwatetea Waislamu walioshambuliwa. Januari 1948 alikataa kula tena mpaka viongozi wakaahidi kuwalinda. Kwa Wahindu wenye hasira, huo ulikuwa usaliti. Tarehe 30 Januari 1948, akielekea kusali jioni, Nathuram Godse, Mhindu mwenzake, alimwinamia kisha akampiga risasi tatu.

Mwili ulichomwa, na majivu yakagawanywa kwa mito mingi. Mengine yalifika Uganda, yakamwagwa Jinja, pale Nile inapotoka ziwani. Maji yale yanaelekea Misri. Ya kwetu yanatoka kwa Lukuga, Kalemie, na kwenda mto Kongo. Nairobi, Wahindi wa Afrika Mashariki walichanga pesa kwa jina lake kwa ajili ya chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka wa 1956 sanamu yake ilizinduliwa pale na Sarvepalli Radhakrishnan, makamu wa rais wa India, aliyekuwa pia mwalimu mkubwa wa Advaita. Ile ya Jinja iliwekwa mwaka wa 1997, inatazama mto.