Rothko: Mwalimu na Rangi Zisizo na Saini

Sisi tunaosomea ualimu tumjue Mark Rothko. Alizaliwa Dvinsk mwaka 1903, akahamia Marekani 1913, akaacha masomo Yale, kisha akafundisha watoto kuchora Brooklyn kwa zaidi ya miaka 20. Jina lake likakua kwa turubai kubwa za rangi tupu, nyingi hazina saini mbele. Alifariki 1970.

Mwaka 2004, New York, mtu akauziwa Rothko feki kwa dola milioni 8.3. Wajuzi waliitazama wakaisifu, ilhali ilidaiwa kutoka kwa tajiri asiyetajwa jina! Hapo ndipo pa kushtuka. Mimi naona picha ni kama cheti: usitazame uzuri wake tu, uliza kimetoka wapi, kimepitia kwa nani.