Mackinder: Msomi Aliyeukwea Mlima Kenya Wakati wa Likizo

Asubuhi za Januari, kabla moshi wa magari haujatanda, mtu aliyepanda ghorofa za juu za jiji la Nairobi huweza kuuona Mlima Kenya, mweupe kileleni, mbali kule kaskazini. Mkazi wa Satellite au Kawangware anayekimbilia gari la kwanza kwenda mjini huenda asigeuze hata shingo kuutafuta. Ameuzoea, na isitoshe kazi inamngoja.

Lakini mwaka 1899 alifika Nairobi Mzungu mmoja ambaye kwake mlima huo ulikuwa ndiyo kazi yenyewe. Hakuwa mwindaji wala mmisionari, wala hakutafuta shamba. Alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu aliyekuja wakati wa likizo, na likizo ikiisha ilimbidi awe amerudi darasani. Jina lake Halford John Mackinder.

Mackinder alizaliwa tarehe 15 Februari 1861 katika mji mdogo wa Gainsborough, Uingereza, baba yake akiwa daktari. Alisoma Oxford, na alipomaliza akawa mwalimu wa kuzungukazunguka nchini akifundisha watu wazima jioni. Somo alilolipenda ni jiografia, na hapo ndipo ilipokuwa shida yake. Zama hizo jiografia haikuhesabiwa kuwa elimu kamili. Ilikuwa mali ya wanamaji na wapelelezi wa nchi za mbali, watu waliokaa kwenye Chama cha Jiografia cha London wakisimuliana walikopita. Kijana aliyetaka kuifanya sayansi, akaeleza kwa nini mto upite hapa na mji uote pale, alionekana mtu wa maneno matupu.

Hata hivyo mwaka 1887 Oxford walimpa kazi ya kuifundisha. Akafundisha miaka kumi na zaidi, na darasa likajaa. Lakini wazee wa London hawakuacha kumtazama kwa jicho la pembeni. Amekwenda wapi huyu? Amevuka jangwa gani? Mackinder alielewa kwamba bila safari ya hatari jina lake lisingekamilika machoni pao. Akaanza kutafuta mlima.

Kilimanjaro kilikuwa kimekwisha chukuliwa, maana Mjerumani Hans Meyer alifika kileleni mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, mkwea milima wa Austria. Mlima Kenya ulikuwa bado. Krapf aliuona kwa mbali mwaka 1849 akiwa Ukambani, na huko Ulaya wakamcheka kwa kusema kuna theluji Ikweta. Teleki alifika mabegani mwake mwaka 1887, na Gregory akapanda juu zaidi mwaka 1893. Kilele hakuna aliyekigusa. Tena habari zilivuma kwamba Meyer naye anautaka.

Hapa inafaa tueleze desturi moja ya Wazungu wa wakati ule. Wasomi, mawakili na makasisi wa Kiingereza walikuwa na mazoea ya kwenda milima ya Alpi kila kiangazi, Julai na Agosti, kukwea majabali kwa kujifurahisha. Bwana alifikia katika kijiji cha bondeni, akaajiri mwenyeji mmoja au wawili, na hao ndio waliomfunga kamba, wakatangulia mbele na kumchongea ngazi katika barafu kwa shoka. Siku hizo viatu vilipigwa misumari tu chini, basi bila ngazi za kuchonga mtu hapandi. Bonde la Courmayeur, upande wa Italia chini ya Mont Blanc, lilisifika kwa watu wa kazi hiyo, na chama chao kiliundwa tangu mwaka 1850.

Mackinder naye alikwenda Alpi akajifunza kazi ya kamba na barafu. Alipoamua kuja Afrika, hakuja peke yake. Aliwachukua wakweaji wawili wa Courmayeur, César Ollier na Joseph Brocherel. Pamoja nao walikuwamo Campbell Hausburg, jamaa wa upande wa mkewe, ambaye alikuwa naibu na mpiga picha, na wengine wawili wa kukusanya mimea na kukausha wanyama. Kwa ufupi, alihamisha likizo ya Alpi, kamba, mashoka na waongozaji wake, akaileta Ikweta.

Reli ilikuwa imefika Nairobi tarehe 30 Mei 1899. Msomaji asidhani alikuta mji. Ilikuwa kambi ya mahema na mabati penye kinamasi, na mafundi wa reli wakihangaika. Tarehe 28 Julai msafara ukaondoka: Wazungu sita, Waswahili sitini na sita, Wamaasai wawili wa kuonyesha njia na Wakikuyu tisini na sita. Yaani kwa kila Mzungu mmoja, Waafrika zaidi ya ishirini na watano.

Wakati waliouchagua ulikuwa mbaya kupita kiasi. Nchi ya Wakikuyu ilikuwa katika ile njaa kuu ambayo wazee waliiita Ng'aragu ya Ruraya, njaa ya Ulaya, na ndui ilikuwa ikiwamaliza watu waliobakizwa na njaa. Tena chuki ilikuwapo tangu zamani. Hapa hapa Dagoretti, mwendo mfupi kutoka Satellite, Lugard alijenga ngome mwaka 1890 akapatana na Waiyaki wa Hinga. Patano halikudumu, kwa sababu watu wa kampuni walichukua vyakula vya wenyeji kwa nguvu, na Waiyaki mwenyewe alikamatwa mwaka 1892 akafa njiani Kibwezi. Baada ya hayo, msafara wa watu mia na sabini ukipita ukiomba chakula, nani angeupokea kwa furaha?

Mambo yakawa hivyo. Baadhi ya wapagazi walitoroka, wengine waliiba vijijini, na vijiji vikaukasirikia msafara. Tarehe 18 Agosti walifika chini ya mlima wakakuta hakuna cha kununua. Watu wawili wa msafara waliuawa na wenyeji. Mackinder akamtuma mwenzake Saunders mpaka Naivasha kwa ofisa wa serikali, Kapteni Gorges, akatafute chakula, naye akapanda mlima na kupiga kambi kwenye bonde la Höhnel, karibu mita 3,100 juu ya bahari.

Jaribio la kwanza lilikuwa tarehe 30 Agosti. Mackinder, Ollier na Brocherel walikwea uso wa kusini-mashariki wa kilele cha Nelion, wakafika karibu mita mia moja tu kutoka juu, giza likawarudisha. Tarehe 5 Septemba Hausburg na wakweaji wawili wakauzunguka mlima wote kutafuta njia nyepesi, wasiipate. Tarehe 11 Septemba Ollier na Brocherel wakajaribu peke yao kwa upande mwingine, dhoruba ya theluji ikawafukuza.

Watu wanaokwea mlima huu leo wanajua jambo ambalo Mackinder hakuwa na njia ya kulijua. Kwa kuwa uko Ikweta, mlima una majira mawili kwa wakati mmoja. Kuanzia Juni jua huwa upande wa kaskazini, basi majabali ya kaskazini hukauka huku ya kusini yakishika barafu; Desemba hadi Machi mambo hugeuka. Likizo ya Oxford ilimleta Agosti na Septemba, naye akaukabili upande wa kusini. Yaani aliupanda upande uliokuwa bado unatoka kwenye kipupwe chake, kwa sababu kalenda ya Ulaya ilimwambia ni kiangazi!

Saunders aliporudi na chakula, wakajaribu mara ya mwisho. Walivuka mto wa barafu wa Lewis, wakakwea Nelion, na usiku ukawakuta juu ya jabali, wakalala hapo hapo kwa baridi. Alfajiri wakaliendea bamba la barafu linaloning'inia kati ya vilele viwili. Barafu hiyo ilikuwa ngumu ajabu, kila ngazi ilihitaji mapigo mengi ya shoka, na kwa ugumu huo Mackinder akaiita Almasi. Adhuhuri ya tarehe 13 Septemba 1899, watu watatu walisimama juu ya kilele kikubwa, mita 5,199. Hawakukaa sana. Walishuka kwa njia ile ile waliyopandia.

Mwaka uo huo Oxford ilikuwa na Shule yake ya Jiografia, naye Mackinder mkuu wake. Januari 1900 alisimama mbele ya wazee wa London akawasimulia safari yake. Hakuna aliyemuuliza tena amekwenda wapi.

Maisha yake baada ya hapo yalikwenda mbali na milima. Aliongoza chuo cha uchumi cha London kuanzia 1903 hadi 1908, akaingia Bunge mwaka 1910, na mwaka 1919 serikali ilimtuma Urusi ya kusini wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1904 alitoa mhadhara uliomfanya ajulikane dunia nzima, akidai kwamba nguvu ya dunia itakuwa kwa atakayeishika sehemu ya katikati ya Ulaya na Asia. Majenerali na wanasiasa wameubishania mpaka leo. Alifariki tarehe 6 Machi 1947. Mlima hakuurudia tena, na kitabu cha safari yake hakukichapisha. Shajara yake ilitolewa kitabu mwaka 1991, yeye akiwa kaburini miaka arobaini na minne.

Lakini majina aliyoyaacha juu ya mlima tunayo kila siku. Batian ni Mbatian, laiboni mkuu wa Wamaasai aliyefariki karibu mwaka 1890. Nelion ni jamaa yake Mbatian. Lenana ni mwanawe, ambaye Mackinder alipopita alikuwa bado hai. Si neno, ni afadhali kuliko majina ya wafalme wa Ulaya, ingawa Wakikuyu na Waembu, ambao kwao Kirinyaga ni makao ya Ngai, hawakuulizwa. Wakweaji wa Courmayeur nao walipata chao: kuna mto wa barafu wa César, na wa Joseph. Hausburg ana bonde, na Mackinder mwenyewe ana bonde.

Wale Waswahili sitini na sita je? Mimi sijaona kwenye ramani jina hata la mmoja wao. Na hapa kuna jambo zito. Mtaalamu wa jiografia Gerry Kearns, aliyechapisha kitabu juu ya Mackinder mwaka 2009, alieleza kwamba katika makaratasi ya safari hiyo yaliyohifadhiwa Oxford kuna orodha ya wapagazi, na kwamba wanane kati yao wameandikiwa kuwa walipigwa risasi kwa amri. Jambo hilo limezua ubishi kati ya wasomi: ni nani aliyetoa amri, na je, maandishi hayo yana maana tunayoyapa? Katika simulizi aliyoichapisha Mackinder mwaka 1900 hakuna neno juu yake. Wazee wa London walisikia habari za barafu ya Almasi, wakapiga makofi.

Baada yake kilele kilikaa karibu miaka thelathini bila mtu. Mwanzoni mwa Januari 1929 Eric Shipton, kijana aliyejifunza kukwea huko huko Alpi kisha akaja Kenya kufanya kazi shambani, alikipanda pamoja na ofisa wa serikali Wyn Harris. Walikuta jabali kavu, kwa kuwa walikuja wakati unaoufaa upande huo. Desemba 1963, usiku wa uhuru, Kisoi Munyao alikuwa Lenana kuipeperusha bendera ya Kenya.

Ollier na Brocherel walirudi Afrika mwaka 1906, safari hii wakimwongoza Mtawala wa Abruzzi mpaka kilele cha juu kabisa cha Ruwenzori. Kisha wakarejea bondeni kwao kungoja wageni wa kiangazi. Mito ya barafu waliyoivuka inakwisha. Ule wa Gregory umetoweka kabisa, na wa Lewis, walioupita na Mackinder kuiendea Nelion, umepasuka vipande na kubaki kiraka tu kando ya jabali.